Mkulima Naye Aambiwe

Mwaka 2017 nilimkuta shemeji yangu wa Ruangwa amekaa barazani, magunia ya mbaazi yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Alitia mkono guniani, akautoa umejaa punje zilizotobolewa na wadudu, vumbi likimmwagikia miguuni. "Shemeji, mnunuzi haji," aliniambia. Hakujua sababu. Nami sikuijua.

Sababu ilikuwa Delhi. Agosti ile India iliweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji walikwisha kutiliana saini na India makubaliano ya mbaazi tangu 2016, serikali kwa serikali, na mlango wao ukabaki wazi. Simwonei jirani kijicho. Awahiye kisimani hunywa maji maengu.

Kinachoniudhi ni wasomi wetu wa sera. Tunao watafiti waliobobea katika mikataba, forodha na mtangamano wa kanda, watu ambao Mungu amewajalia akili za kujivunia. Lakini matunda ya akili hizo huandikwa kwa Kiingereza, husomwa kwenye kumbi za hoteli Dar es Salaam na Arusha, kisha hufungiwa kabatini. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Hata kuambiwa kwamba tembo wanakuja, nyasi hazistahili? Agosti 2019 jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi, tena Dar es Salaam hapo hapo, tukapiga vigelegele. Basi na ipatikane karatasi moja tu ya Kiswahili, ibandikwe mlangoni mwa ghala la chama cha msingi!

Wala asiseme mtu kwamba mambo ya nje yanamzidi kimo mkulima wa kusini. Nachingwea, kusini huko huko, iliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Hapo Samora Machel aliwanoa vijana wake, hadi Msumbiji ikajitawala tarehe 25 Juni 1975. Bibi zetu waliujua ujirani wa mataifa kabla Tanzania na Msumbiji hazijaanzisha kwa ubia, mwaka 1978, Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa pale Kurasini, Dar es Salaam.

Na hapa siwezi kunyamaza. Kijana wa Nachingwea atakutajia wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza bila kupumua. Muulize Farm 17, kambi ile ile ya FRELIMO, palikuwa na nini, anakodoa macho. Wazee, kosa ni letu. Tumekaa na hadithi vifuani, kama wasomi na karatasi zao kabatini.

Ndugu watafiti, msimu wa mbaazi usiwakute hotelini. Pandeni basi la Ruangwa. Shemeji atawatandikia mkeka barazani, pale pale yalipokaa magunia.