Rangi Juu, Kutu Chini

Mwezi huu twataka kusema habari ya gari la madrasa, kwani wazazi wengi wametuuliza mbona lina mabaka, na hali halijatimiza miezi 4 tangu kupakwa rangi.

Gari hilo huchukua watoto wa mbali, na upepo wa chumvi wa pwani ulikwisha kulila bati lake chini ya milango. Wazazi walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, nasi tukapewa fedha zile tuziweke amana. Fundi wa bodi tuliyemchagua aliahidi kukata bati lililooza, kuchomelea jipya, kisha kupaka rangi ya chini na ya juu. Alipolileta liling'aa hata watoto wakajitazama nyuso zao ubavuni mwake. Tukamlipa kilichobaki siku ile ile.

Mvua za masika zilipokuja, rangi ikafura malengelenge. Tulipoibandua kwa kisu tukakuta puti nene, nyuma ya puti magazeti yaliyofinyangwa, na nyuma ya magazeti kutu ile ile ya zamani. Puti hunywa maji. Na bati bovu lisipokatwa, kutu huendelea kula ndani kwa ndani hata rangi ikakosa pa kushika.

Imam Muslim amepokea kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyepita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakione. Hatujui kisa kilichofanana zaidi na gari letu.

Walakin na sisi tuna letu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha kuandikiana madeni ya muda na kushuhudisha. Twawahifadhisha vijana aya hiyo, na fundi hatukuandikiana naye hata mstari mmoja! Tena tulimchagua kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenziwe, wala hatukuuliza udogo ule watoka wapi.

Baadhi ya wajumbe walitaka atangazwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Tulikataa. Tulimwendea kwake, sisi na wazee wawili, tukamwonyesha magazeti yale. Mwanzo alimsingizia kijana wake. Kisha akanyamaza, akakiri. Sasa tumeandikiana: upande wa kulia ataukata na kuuchomelea bila ujira, bati tutanunua sisi. Upande wa kushoto utangoje, kwani yeye hana kitu na sanduku letu ni tupu.

Mama mmoja auzaye maandazi alituuliza, "Maalim, fedha zangu mimi ziko upande gani?" Hatukupata jawabu.

Kazi yaanza Jumamosi. Rangi haitapakwa mpaka tulione bati tupu kwa macho, na tumeazima sumaku ya spika kwa fundi redio: ikinata ni bati, ikianguka ni puti. Mzazi apendaye kutazama na aje baada ya Alasiri.