Njaa ya Kibera na Kawangware haingoji Desemba

Kila mwaka Krismasi ikikaribia, Kibera hupata wageni. Magari yanaegeshwa pale Olympic, vijana wa fulana za rangi moja wanashuka na katoni za unga, mafuta na sukari, foleni inapangwa, picha zinapigwa, na kufikia saa kumi jioni kila mtu amerudi kwao. Kawangware nayo hupata wake, kuanzia stage ya 46 hadi ndani ndani kule Congo. Hatuna ubaya nao. Pakiti mbili za unga ni pakiti mbili za unga, na mama aliyezibeba hakulaza watoto njaa usiku huo. Swali letu ni la wiki mbili baadaye, Njaanuari ikishabisha hodi, karo inadaiwa, kazi za mjengo hazijafunguka, na wale wa fulana wamebaki na picha kwenye simu.

Tuelewane kwanza kuhusu njaa yenyewe. Njaa ya mtaa si ya ukame. Chakula kipo, tena kwa wingi: ukipita Toi au soko la Kawangware utakuta sukuma imepangwa, omena imemwagwa kwenye gunia, chapati zinageuzwa motoni. Kinachokosekana ni pesa ya leo. Watu wetu wanaishi kwa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya kufunga kwa karatasi, unga nusu gorogoro. Ukikosa kibarua asubuhi, jioni sufuria haipandi jikoni. Na anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kilo kuliko yule wa supamaketi, kwa hivyo bei ikipanda yeye ndiye wa kwanza kuumia. Mnakumbuka Julai 2022, unga wa kilo mbili ulipovuka shilingi 200 hadi serikali ikaushusha kwa muda kufika 100, uchaguzi ukiwa mlangoni. Wapo waliokuwa wameshaacha ugali wa mchana kitambo.

Ndiyo maana msaada wa siku moja, mahali pamoja, kwa umati mmoja, mara nyingi haufai, na wakati mwingine unaumiza. Aprili 10, 2020, chini ya mwezi mmoja baada ya Kenya kutangaza kisa chake cha kwanza cha korona, chakula kilipelekwa kugawiwa Kibera kwenye ofisi ya utawala. Maelfu walifika. Watu wakakanyagana, polisi wakarusha vitoa machozi, wengi wakajeruhiwa, wengine wakirudi nyumbani mikono mitupu. Kuna waliosema watu wa Kibera hawana nidhamu. Hizo ni stori za jaba. Weka umati wowote wenye njaa mbele ya lango moja, bila orodha, bila kujua kama chakula kitatosha, uone kitakachotokea, hata iwe Lavington.

Orodha ndiyo kazi ngumu, na ndiyo kazi ambayo kijana wa mtaa anaiweza kuliko mfadhili yeyote. Waulizeni wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi zaidi ya 100,000 kati yao mikoba ya kazi kote nchini, na hao ndio wanaobisha mlango kwa mlango. Wanajua nyanya yupi analea wajukuu wanne peke yake kule Gatwekera, na mgonjwa yupi wa TB anameza dawa tumbo likiwa tupu kule Gatina. Wazee wa vijiji pia wanajua, ingawa tuseme ukweli, orodha ya mzee wa kijiji huwa na binamu wengi. Linganisheni orodha mbili au tatu kabla ya kutoa chochote.

Na msiongeze chumvi kwenye mabango yenu. Kwa miaka mingi tumesikia kwamba Kibera ina watu milioni moja au hata zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu kama 170,000. Hesabu hiyo ilibishaniwa sana, sawa, lakini umbali kati yake na milioni ni mkubwa mno, na mtu akikugundua unacheza na namba ya watu atajiuliza unafanya nini na namba za pesa.

Mahali ambapo tunadhani mchango wa vijana ungeleta tofauti kubwa ni shuleni. Mwaka wa 2023, Kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education, lile ambalo Wawira Njiru alilianzisha Ruiru mwaka wa 2012. Mtoto hulipa shilingi tano, anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani. Ni mpango mzuri na tunausifu bila kusita. Lakini ulijengwa juu ya shule za umma. Sasa nenda Kibera au Kawangware uhesabu watoto walio katika zile shule ndogo za mabati, zilizofunguliwa na walimu na makanisa kwa sababu za umma ni chache na zimejaa. Huko chakula cha mchana kinategemea mwalimu mkuu amepata nini wiki hiyo. Kuna siku ni githeri, kuna siku ni uji, kuna siku watoto wanaambiwa waende nyumbani saa sita, na nyumbani hakuna mtu wala kitu. Hata yule wa shule ya umma mwenye bangili, shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, bangili haimlishi.

Basi chukueni shule moja. Moja tu. Piga hesabu: watu 40 wa base yenu, kila mmoja shilingi 50 kwa wiki, ni 2,000. Kwa muhula wa wiki 13 ni 26,000. Haitalisha shule nzima kila siku, na msimdanganye mwalimu kwamba italisha. Lakini akijua kila Jumatatu 2,000 zinaingia bila kukosa, anaweza kupanga, na kupanga ndiko kunakomshinda sasa. Mahindi na maharagwe nunueni kwa gunia Nyamakima, ni nafuu. Mboga, vitunguu na nyanya nunueni kwa mama mboga wa hapo hapo mtaani, kwa sababu ukimletea mtaa sukuma kutoka mjini umelisha mtoto wa mmoja na kumnyima riziki mama wa mwingine. Maharagwe yalowekwe usiku, makaa yatapungua. Wekeni kando pesa za maji ya mtungi, watu husahau maji. Na mpishi alipwe. Tunalirudia hili kwa sababu tumeona mama anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, anaambiwa yeye ni “volontia” kama sisi, ilhali sisi tukitoka hapo tunaenda kula java mjini.

Kuhusu kuchanga, hakuna anayeweza kutuambia vijana hatutoi. Juni 2024 mamilioni yalichangwa kwa simu ndani ya siku chache kulipia bili za hospitali za waliojeruhiwa kwenye maandamano. Wazazi wetu nao, kwenye Kenyans for Kenya ya 2011, walilenga milioni 500 kwa ajili ya ukame na wakazipita. Ugumu uko baada ya pesa kuingia. Namba ya M-Pesa ya mtu mmoja, hata awe malaika, ni mtego kwake na kwenu. Sajilini kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022 ipo kwa kazi hiyo. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu. Kila Ijumaa wekeni hesabu kwenye kikundi cha WhatsApp, pamoja na ada ya kutoa na nauli ya boda, hata kama ni aibu kwamba wiki hii mlinunua mafuta kwa bei mbaya. Sheria inayotaka vibali vya kuchangisha umma ni ya zamani, na mwaka huo wa 2024 mswada mpya wa kudhibiti michango ulifika Seneti. Afadhali muwe na makaratasi.

Mheshimiwa naye atakuja. Uchaguzi wa 2027 uko njiani na sufuria ya githeri inapendeza kwenye bango. Akileta gunia, mpeni risiti kama mchangiaji mwingine yeyote, bila jukwaa.

Kamera je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Mtoto huyo atakuwa sekondari siku moja, na picha yake akiwa na sahani mkononi itakuwa bado iko TikTok. Pigeni picha sufuria, gunia, risiti.

Haya yote hayaiondolei serikali mzigo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, hakijasema haki hiyo italetwa na watu 40 wa base. Mnapopika, andikeni: watoto wangapi walikula, siku ngapi, shilingi ngapi kwa sahani. Kaunti ikiitisha vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, nendeni na daftari hilo mkamuulize MCA wenu kwa nini mtoto wa shule ya mabati Kawangware hana bangili wakati jirani yake anayo. Na kwa wanaotaka kuanza muhula wa kwanza, gunia la maharagwe linapaswa kuwa stoo kabla shule hazijafunguliwa Januari, maana wiki hiyo kila mchangaji atakuwa anawaambia mngojee mwisho wa mwezi.