Aliyenaswa na Ulevi Aende kwa Nani?

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Morogoro alinijia chuoni baada ya watoto kutawanyika. Akaniamkia, akasema: “Maalim, mume wangu ataka kuacha pombe. Nimpeleke wapi?”

Hukumu ya ulevi kila mtoto wa chuoni aijua. Mama yule hakuniuliza hukumu, aliniuliza njia; na kabla ya kuitaja njia yanipasa nikiri kosa langu.

Miaka michache iliyopita alinijia mkulima mmoja wa Mkuyuni, huko mitelemkoni mwa Uluguru, mikono yake ikitetemeka. Alikuwa akinywa gongo kila kukicha kabla ya kutia chakula kinywani. Nikamwamrisha aape kwamba tangu saa ile hataigusa tena. Akaapa, naye alikuwa mkweli. Usiku wa pili akaanguka kifafa. Siku ya tatu akawa apangusa ukutani siafu ambao sisi hatukuwaona. Majirani wakasema ni jini, nami nikakaa nikimsomea mpaka alfajiri. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita kwenda kazini ndiye aliyetukemea, tukamtia garini upesi tukamteremsha mjini.

Daktari alinieleza niliyopaswa kuyajua zamani. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafula, hushtuka. Tetemeko huanza saa chache tu baada ya tone la mwisho. Kifafa huweza kuja katika siku 2 za mwanzo. Kisha huja kuweweseka, na wako wanaokufa kwa hayo. Hospitali wana dawa ya kutuliza na vitamini ya kumrudishia mtu nguvu. Basi mnywaji wa namna hii aanzie kwa daktari, asianzie kwa kiapo. Kisomo ni chema, bali mimi nilikitumia kumchelewesha mgonjwa.

Alipona, akarudi kwao, na njia ya kutoka shambani yapita mbele ya vilabu viwili vya pombe. Mwezi wa pili akanywa tena. Pale msikitini wako waliomtemea maneno. Nikawakumbusha khabari iliyomo katika Bukhari, ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa ulevi, mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Walinyamaza, ingawa sidhani kama wote waliridhika.

Alichokikosa ndugu yule ni wenziwe. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili walikutana, Bill Wilson aliyekuwa mtu wa biashara ya hisa na Robert Smith aliyekuwa daktari, wakaona kwamba mlevi humsikiliza aliyewahi kulewa kuliko amsikilizavyo mhubiri. Hapo kikazaliwa chama cha walevi wanaoacha. Hakuna ada, mtu hutajwa kwa jina lake la kwanza tu, na sharti ni moja, kutaka kuacha. Hatua zao 12 zilipigwa chapa kitabuni mwaka 1939. Mwaka 1989 Waislamu wa Baltimore walizitengeneza zilingane na dini yetu, wakauita umoja wao Millati Islami. Na tusiende mbali: Unguja, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba ziitwazo soba hausi, khasa kwa vijana walionaswa na unga, nao hushika hatua hizo hizo huku wakisali jamaa.

Hapa petu mwenye kutafuta aulize kwanza kwa wauguzi wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kwa kuwa wao huwajua walioacha na mahali wanapokutania. Akifika, afumbue macho. Akiona minyororo au fimbo, au siri ya jana ikisimuliwa sokoni leo, aondoke. Wake nao wasisahauliwe. Tangu mwaka 1951 wako wenye vikundi vyao, Al-Anon, vya jamaa za walevi, kwani nyumba nzima huugua. Na mwanamke anywaye (wapo, tusijidanganye) apate wanawake wenziwe wa kuzungumza nao.

Wengine walidhani serikali ilipovipiga marufuku viroba, Machi 1, 2017, kazi ilikwisha. Gongo haikuwahi kuuzwa kwa leseni.

Yule mkulima alielekezwa na muuguzi kwa watu watano wanaokutana Jumamosi baada ya Alasiri, barazani pa nyumba moja mjini. Nauli humshinda mara nyingine, hapo huteremka na mkungu wa ndizi auze kwanza. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili fundi mwashi mmoja akamwuliza: “Asubuhi sasa wanywa nini, kaka?” Akajibu: “Chai ya tangawizi.” Wakacheka, naye akacheka.

Yule mama nilimwambia aanzie kwa daktari, nikamwonyesha na baraza ile. Jumamosi iliyopita alikuja na mumewe. Bwana hakuingia, aliketi kwenye ngazi karibu na viatu, akisikiliza mpaka Magharibi.