Tusalimishe Magobore, Tusisalimishe Kumbukumbu

Mwaka 2023, Serikali ilipotoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa kila atakayesalimisha silaha haramu kwa hiari, baba yangu mdogo alitoka nyumbani kwetu Kolandoto akiwa na gobore la marehemu babu amelivingirisha ndani ya mkeka. Gobore hilo lilikuwa limekaa darini miaka mingi kuliko umri wangu. Alilifikisha kituoni, akapokewa kwa heshima, wala hakutishwa. Kwa hilo nashukuru. Kilichonisononesha ni maandishi aliyoonyeshwa daftarini: “Gobore moja, chakavu.” Maneno matatu tu. Hayakusema lilikuwa la nani, lilitoka wapi, wala lililinda nini.

Nilikumbuka siku moja nilipokuwa masomoni Ulaya. Mwenzangu Mswisi alinialika kwenye uwanja wa shabaha wa mita 300. Wazee kwa vijana walilala kifudifudi wakilenga kwa bunduki za kale za jeshi lao, nyingi zikiwa za aina ya K31, iliyoundwa kati ya mwaka 1933 na 1958. Baada ya kufyatua risasi zake, mwenyeji wangu alifungua skrubu za bamba la chuma lililo nyuma ya kitako, akanionyesha kikaratasi kilichofifia. Askari wengi wa Uswisi walikuwa wakiweka humo jina lao, kikosi chao na makazi yao. Wakusanyaji wa leo huvitafuta vikaratasi hivyo kwa hamu kubwa, na wengine humtafuta askari mwenyewe au watoto wake.

Sikuionea wivu bunduki ile. Nilikionea wivu kikaratasi.

Najua nitakavyojibiwa. Uswisi ni Uswisi na Shinyanga ni Shinyanga. Kweli. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng’ombe wa kutumia bunduki ukaitesa Usukuma, hata wananchi wakaunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kujilinda kwa pinde na mishale. Leo, katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, fedha hupita mikono mingi kabla ya kufika benki, na mtu mwenye silaha isiyosajiliwa ni hatari kwa jirani yake. Sitetei gobore lirudi darini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ina sababu zake. Hata Waswisi hawakuacha mambo yajiendee: mwaka 2007 waliamua kwamba wanajeshi wengi wasiendelee kuweka risasi za jeshi majumbani, na mwaka 2019 wapiga kura wao wakakubali masharti makali zaidi ya umiliki wa silaha.

Ninachopinga ni uvivu wa fikra unaodhani kwamba kitu kikishaitwa haramu hakina tena historia.

Gobore lina historia, tena si ya kujivunia tu. Katika karne ya 19, vijana wa misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na bunduki. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola kwa rugaruga waliobeba silaha hizo. Wengine waliwaita mashujaa, wengine waliwakimbia. Kisha mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels mwaka 1890 na kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha upenyo kwa bunduki za gumegume. Mkataba huo ulivaa joho la kupambana na biashara ya utumwa, lakini matokeo yake tunayafahamu: Mwafrika alibakiziwa silaha ambayo Ulaya ilikwisha kuitupa, na mkoloni akaja na bombomu. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini tulishindwa vita vya kulinda ardhi yetu aanzie hapo, kwenye mtutu huo mchakavu.

Tena yapo magobore yaliyoundwa hapa hapa nchini, na mafundi wa vijijini, kwa mabomba ya maji na mbao za miti yetu. Geita, kabla ya kusifika kwa dhahabu, ilikuwa nchi ya chuma: Warongo wa Buzinza waliyeyusha na kufua chuma kwa ujuzi ambao wataalamu wa akiolojia wamekuja kuuchunguza kutoka mbali. Je, ujuzi wa ufuaji uliishia wapi? Huenda sehemu ya jibu imo katika silaha tunazozirundika na kuziteketeza bila kuzitazama mara mbili.

Mapendekezo yangu hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, fomu ya kupokea silaha iongezewe mistari mitano: ilikuwa ya nani, ilipatikana lini, wapi, iliundwa na nani kama inajulikana, na ilitumika kwa kazi gani. Asiyetaka kujibu asilazimishwe, na majibu yasigeuzwe kuwa mashtaka. La sivyo msamaha utakuwa mtego. Pili, zile za kale zipigwe picha, mitutu yake izibwe zisiweze kufyatua tena, kisha chache zipelekwe Makumbusho ya Taifa na Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Tatu, zilizobaki ziteketezwe hadharani, ili raia aliyekubali kuitoa silaha yake aone kwa macho kwamba haikurudi mtaani kwa mlango wa nyuma.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, kazi ya kalamu yako si kuhesabu vyuma tu. Raia anayekukabidhi silaha kwa hiari amekuamini kuliko unavyodhani.

Juzi baba mdogo aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, gobore la guku liko wapi sasa. Nina shahada ya uzamivu, na sikuwa na jibu la kumpa.