Baada ya Uzamifu, Kisha Nini?

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtafiti naye huundwa, na shahada ya uzamifu siyo tamati ya uundaji huo. Mnamo 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilitoa vigezo vilivyoifanya shahada hiyo kuwa sharti la kuajiriwa mhadhiri. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: akishaipata, msomi aufanyie nini utafiti wake?

Nawazungumzia hasa wahitimu waliotafiti ufundishaji wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, zipo nafasi za utafiti wa baada ya uzamifu. Mhitimu hulipwa kwa miaka michache ili achapishe matokeo yake, ajifunze mbinu mpya na kubuni mradi wake chini ya mtafiti mkongwe. Kwetu nafasi hizo ni adimu, na aghalabu habari zake hupitia midomoni mwa wasimamizi. Mwenye msimamizi anayejulikana ng'ambo hupata fununu. Asiye naye hurejea kufundisha, tasnifu yake ikila vumbi maktabani.

Je, hili lamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Lamhusu sana. Tulichukue neno nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku, neno hili hubeba dhana ambazo mwanafizikia huzitenga, zikiwemo kani na nishati. Vivyo hivyo, joto na jotoridi si kitu kimoja. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa dhana hizi kwa Kiingereza, kisha mara nyingi huzijadili na wenzake kwa Kiswahili. Istilahi tunazo: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tunachokosa ni watafiti wa kutosha wa kuchunguza jinsi istilahi hizo zinavyomfaa mwanafunzi darasani. Kwamba kazi hii yawezekana, mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulidhihirisha ulipofundisha sayansi kwa Kiswahili katika madarasa ya majaribio ya sekondari nchini Tanzania.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara za elimu, kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi na vyama vya wanafunzi kama chetu vishirikiane kukusanya na kutangaza hadharani kila nafasi inayojitokeza, pamoja na masharti na makataa yake. Pili, vyuo vikuu vyetu vitenge nafasi, hata zikiwa chache, zinazomkutanisha mhitimu wa elimu ya sayansi na mwanaisimu wa Kiswahili.

Watakaodai kwamba fedha hazipo wakumbuke kuwa orodha haihitaji bajeti kubwa. Aidha, gharama iliyo nzito, ile ya kumsomesha mtafiti hadi uzamifu, tumekwisha kuilipa. Kumwacha sasa ni sawa na kuunda jahazi, kisha kuliacha lioze pwani kwa kukosa tanga.