Filamu ya kuchagua kwenye dekoda: familia za Luvungi ziulize kwanza

Luvungi, barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira. Parabola juu ya mabati si jambo jipya huku. Jipya ni neno la wauzaji: dekoda ambayo mtu anachagua filamu mwenyewe, saa anayotaka, bila kungojea programu. Huduma hiyo ipo kweli. Lakini familia iliyokimbia vita, ikarudi na kukuta nyumba tupu, ina haki ya kuelewa inauziwa nini kabla ya kutoa franka.

Kwanza, parabola ya nyumbani inapokea tu, haitumi. Setilaiti ya televisheni iko juu karibu kilomita 36.000, na inamwaga picha zile zile kwa kila nyumba. Mtu wa Luvungi akibonyeza rimoti kuomba filamu yake peke yake, ombi hilo halipandi kwa parabola. Ndiyo maana kampuni zinatumia njia mbili.

Njia ya kwanza ni diski iliyo ndani ya dekoda. DStv Explora, iliyotoka mwaka 2013, inafanya hivyo: setilaiti inatuma vipindi, dekoda inaviweka akiba, kisha mtazamaji anachagua kati ya vile vilivyokwisha kufika. Hakuna mega inayoliwa. Lakini dekoda lazima ibaki kwenye umeme hata televisheni ikiwa imezimwa na watu wamelala. Anayekata umeme saa tatu za usiku ili betri ya pano ya jua isife, asishangae asubuhi kukuta hakuna kipya.

Njia ya pili ni intaneti. Dekoda inaungwa na simu au modemu, na filamu inapita huko. Filamu ya saa mbili, kwa picha ya kawaida, inaweza kula giga moja hadi mbili. Picha safi inakula zaidi. Mzazi anayenunua mega kidogo ili apate habari za ndugu zake kwa WhatsApp atazimaliza kabla filamu haijafika katikati. Na abonema ya mwezi bado inamngoja.

Kwa hiyo mnunuzi amuulize fundi maswali matatu. Dekoda hii ina diski, au inaomba intaneti? Inahitaji umeme usiku kucha? Abonema ikiisha, vilivyo kwenye diski vitafunguka bado? Fundi asiyeweza kujibu asipewe pesa.

Wengine watasema filamu ni anasa kwa watu waliokimbia. Maneno hayo si ya haki. Desemba 2025, vita viliposhuka bonde la Ruzizi kupita Luvungi na Sange hadi Uvira, watu elfu nyingi walivuka mto kuingia Burundi. Mtoto aliyetembea usiku akisikia mabomu anahitaji pia kucheka. Shida ni mpangilio wa matumizi. Redio ndogo ya betri haiombi abonema wala mega, na ndiyo inayosema barabara gani iko wazi na soko gani limefunguliwa. Nyumba isiyo na redio isianze na dekoda.

Hata hivyo, diski hiyo ingeweza kufanya kazi kubwa kuliko filamu na mpira. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, masomo yalipita kwa redio, pamoja na Radio Okapi. Ilikuwa kazi nzuri, lakini somo la redio likipita limepita. Mtoto aliyekuwa ameenda kuchota maji au kulinda mpunga shambani alilikosa. Diski inaponya kasoro hiyo: somo linangoja mtoto.

Dekoda moja yenye diski na pano yake, katika shule, kituo cha afya au parokia, ingeweza kujazwa kwa setilaiti masomo ya shule ya msingi na mafundisho juu ya kipindupindu, kwa Kiswahili na Kifuliiru. Minara ya simu ikizimika, hiyo ingeendelea kupokea. Tangu Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ndiyo inashika MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv. Kampuni kubwa namna hiyo haiwezi kushindwa kutenga nafasi ndogo ya diski kwa masomo yasiyolipiwa, ikiwa wizara ya elimu na mashirika ya misaada watakaa nayo mezani.

Hawatakaa bila kusukumwa. Wakuu wa shule, machifu, na kamati za familia zilizokimbia waandike barua, wataje shule gani na watoto wangapi, waipeleke. Ikiwa kweli televisheni ya leo inasikiliza mtazamaji anaomba nini, basi Luvungi iombe shule kwanza.