Neno la Mhariri: Njia Kabla ya Nyumba

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kipande cha shamba bado hupimwa kwa miguu. Mwenye shamba huhesabu hatua 20 kwenda na 20 kukata, dalali huchomeka vijiti, minyaa hupandwa iwe mpaka. Karatasi ya mauziano huandikwa mbele ya mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa hugongwa, na wiki chache baadaye fuso humwaga tripu ya kwanza ya mchanga.

Swali la njia huulizwa, lakini kila mnunuzi huliuliza kwa ajili ya kiwanja chake tu. Muuzaji humwonyesha kijia cha kupitia, na kijia hicho hakina mwenyewe. Anayekuja baadaye husogeza ukuta nusu mita. Wa tatu huongeza kibanda cha duka. Miaka 10 ikipita, gari la zimamoto huishia kona ya kwanza, mgonjwa hubebwa kwenye kiti hadi ilipo bajaji, na masika yakiingia watu hutapisha vyoo kwenye maji ya mvua kwa kuwa gari la majitaka halina pa kupita.

Toleo hili linahusu masomo ya usanifu wa miji, nasi tumeanzia shambani kwa makusudi, maana huko ndiko mji wetu unakosanifiwa. Mwanafunzi wetu hatumpeleki huko. Tunampa karatasi nyeupe, naye anachora bustani, maegesho na miti iliyosimama kwa mstari kama gwaride. Anafaulu vizuri. Akiajiriwa na halmashauri anakuta karatasi imekwisha kujaa mapaa ya bati, na kazi anayopewa ni urasimishaji: kupita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wamege viwanja vyao ili ipatikane njia ambayo jana ingepatikana kwa kamba na vigingi.

Michoro hatujawahi kuikosa. Dar es Salaam ilipata mpango kabambe mwaka 1949, mwingine 1968 na mwingine 1979. Wa kwanza uliandaliwa na kampuni ya Uingereza, miwili iliyofuata na kampuni za Kanada. Lakini sensa ya 1967 ilihesabu wakazi takriban 270,000, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Mji umeongezeka karibu mara 20 ndani ya miaka 55. Mpango unaotaka kila nyumba ijulikane kabla ya jiwe la kwanza hauwezi kuufukuzia mji wa namna hiyo. Hoja yetu, basi, ni kwamba anayesomea miji afundishwe kuwahi kabla ya kufundishwa kupendezesha.

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sinza na Kijitonyama ilipima viwanja na kuacha barabara, kisha wananchi wakajenga wenyewe. Manzese, ambako watu walikwisha kujenga, ilipeleka barabara, maji na mifereji katikati ya nyumba zilizokuwepo. Mwanauchumi Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, na katika utafiti waliouchapisha 2021 wakaona kuwa yale yaliyopimwa mapema yana nyumba bora na mpangilio ulionyooka zaidi, miongo kadhaa baadaye. Tembea Sinza leo. Hakuna aliyezichora zile saluni, baa, gesti na maghorofa. Nyumba zimebadilika mara nyingi, ila mistari ya barabara imebaki.

Tusiishie kwenye sifa. Viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, na vingi viliishia mikononi mwa wenye nafuu. Barabara iliyonyooka hupandisha bei, na bei humsogeza maskini mbali zaidi, kwenye shamba jingine linalopimwa kwa miguu. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua upana wa barabara bila kujua bei ya kiwanja hajafika nusu ya somo. Aulizwe darasani: kiwanja kiwe kidogo kiasi gani ili mama lishe akimudu? Kilipwe kwa awamu ngapi? Nani atauza, na nani ataona hasara?

Wala tusidhani uholela ni tabia ya wasiosoma. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande kwa hoja kwamba bondeni hapakaliki. Katika bonde hilo hilo, Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo huduma yake ilianza 2016. Nayo imefurika mara kwa mara. Mto haukuuliza nani ana kibali na nani hana. Mkondo wa maji nao ni njia, tena ndiyo ya kwanza kuachiwa nafasi.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata safari hii: kwanza ardhi inavyouzwa na kugawanywa, kisha maji, kisha usafiri, na mwisho darasa lenyewe. Waandishi wetu hawakubaliani katika yote. Wapo wanaouona urasimishaji kuwa ukombozi na wapo wanaouona kuwa kiraka. Tumewaacha wabishane, kwa kuwa mji nao ni mabishano yasiyokwisha kuhusu nani apite wapi.

Kwa walimu tuna ombi moja. Zoezi la kwanza la muhula wa kwanza lisiwe kuchora jengo. Mwanafunzi apelekwe kwenye shamba linalokaribia kukatwa, akiwa na kamba na vigingi. Akae chini ya mwembe na mwenye shamba, dalali na mwenyekiti wa mtaa. Abembeleze, abishiwe, akokotoe nao hasara ya kuacha njia na faida ya kiwanja chenye njia. Akirudi na mistari miwili tu yenye nafasi katikati, ambayo wote wameridhia kabla fuso halijamwaga mchanga, apewe alama zote.